Sauti Niliyompa Mtoto

3 Machi

Wewe mjukuu,

Haya huna, hata ya kuazima? Salamu sikupi. Ukitaka kujua kama mimi mzima, washa redio. Nimo humo, nasema nisiyoyasema.

Jana nilikuwa kwenye cherehani, nageuza kola ya shati la mwalimu, naye amekaa anasubiri. Mara bibi kwenye redio: “Mimi mshonaji mzee. Akili bandia imenisaidia. Wabunge, msiifunge kwa sheria.” Sauti yangu! Mpaka kikohozi changu! Mwalimu akanitazama: “Mama, kumbe uko upande wa kampuni za akili bandia?” Yeye ndiye aliyetusomea ule mswada, nami niliuunga mkono mbele ya watu: anayetaka sauti ya mtu amwombe kwanza mwenyewe.

Ulikuja na simu yako, “Bibi, simulia, mwanangu akikua akusikie.” Nikasimulia mpaka koo likakauka. Kumbe mtoto mwenyewe ni hiyo kampuni ya akili bandia unayoifanyia kazi!

Nijibu, na usinizungushe.

Bibi yako

12 Machi

Shikamoo Bibi,

Mgongo unaendeleaje? Sisi hatujambo, mtoto ameanza kukaa.

Nisamehe. Bosi alitaka sauti ya mzee wa kuaminika, nikasema ninayo. Mashine ikatengeneza maneno. Sheria ikipita, wanasema watafunga ofisi, na mimi nina mtoto. Nakuomba unyamaze tu mpaka kamati ya Bunge imalize kukusanya maoni ya mswada. Nani atajua ni wewe?

Mjukuu wako

25 Machi

Mjukuu,

Marahaba. Mgongo unauma, koo zima.

Sikunyamaza. Nilikwenda kwenye kamati, nikashika kipaza sauti, nikasema yule wa redioni si mimi. Akasimama bwana wa kampuni yenu, mpole, suti imekaa vibaya mabegani. Akasema, “Bibi amelishwa maneno. Mjukuu wake, mfanyakazi wetu, ametuthibitishia kwamba alikubali.” Ukumbi ukaguna. Mwenyekiti akaniuliza kama nina shahidi. Mimi! Nitafute shahidi wa mdomo wangu!

Kwenye barua uliniomba msamaha. Kwa bosi ulisema nilikubali. Sauti uliichukua, hilo ningelimeza. Umenifanya mwongo mbele za watu, hilo halimezeki.

Kamati inarudi Alhamisi ya wiki ijayo. Panda basi Jumatano, uje na mtoto. Nitamsimulia mwenyewe, mdomo wangu na sikio lake. Asubuhi yake nenda mbele ya ile kamati, ushike kipaza sauti, useme: “Bibi yangu hakukubali. Nilidanganya mimi.”

Bibi yako