Maji ya Mama Nawaf

Seminarini, Marekani
2 Februari 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Miguu imepungua kuvimba? Dawa za presha unameza? Mie mzima, ila baridi ya huku haina adabu, inaingia mpaka ndani ya soksi. Masomo ya amani yameanza. Tuko wanane darasani, watu wapole sana, wanakuuliza hali kisha wanapita bila kusubiri jibu. Jumamosi nzima sikusikia mtu akiita jina langu. Nikajikuta nalitaja mwenyewe jikoni.

Mwalimu alituuliza amani tuliijulia wapi. Nikamtaja Mama Nawaf wa duka la kanga: yeye Mwislamu, wewe Mkristo wa Kimenoniti, ukuta mmoja miaka yote, bakuli la chakula linapita dirisha la katikati. Msalimie sana.

Mwanao,
Sekela

Tandika, Temeke
19 Februari 2025

Mwanangu Sekela,

Marahaba. Miguu ni ile ile, ikifika jioni viatu vinanikataa, lakini namshukuru Mungu. Usijisemeshe sana peke yako, watakurudisha kabla ya cheti.

Salamu zako sikuzifikisha. Mimi na Mama Nawaf hatusemeshani. Maji yake ya kufulia yanatiririka hadi mlangoni kwangu. Nilimwambia, akanijibu vibaya, nami nikamjibu. Jumapili ilikuwa Meza ya Bwana, na unajua utaratibu wetu, mwenye ugomvi na jirani hasogei mbele. Nilikaa benchi la nyuma na watoto wasiobatizwa, mimi mwalimu mstaafu. Hilo limeniuma kuliko maji.

Mama

Seminarini
1 Machi 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole na miguu. Mie sijambo, theluji imeanza kuyeyuka.

Huku tunafundishwa kwamba pande mbili zikishindwa kuongea, atafutwe mtu wa tatu anayeheshimika. Nimempigia Mchungaji Augustine wa kanisani kwetu, atakuja kuwakalisha. Usikatae, mama. Sipati usingizi nikifikiri umekaa humo ndani peke yako, huna hata wa kumwita kupitia ukutani.

Mwanao,
Sekela

Tandika
20 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba. Nimeamka salama, sijui wewe huko.

Mchungaji wako alikuja Jumatatu. Kwa heshima akapitia kwanza kwa mjumbe wa mtaa, wakaja wote wawili. Sekela, umeshaisahau Tandika? Hapa mjumbe akikubishia hodi ujue umeshtakiwa. Na huu ni mwezi wa Ramadhani, mwenzangu amefunga, yuko jikoni anaandaa futari. Watu wakajaa uchochoroni. Akatoka akasema mbele ya wote, "Mama Sekela, mie ndo wa kupelekwa serikalini?" Kisha akaingia ndani, na dirisha akalipigilia misumari. Hii ni Ramadhani ya kwanza bakuli halijapita.

Najua umefanya kwa upendo. Usimpigie mtu mwingine.

Mama

Seminarini
20 Aprili 2025, Pasaka

Mama yangu,

Shikamoo. Sijui hali yako. Simu haipatikani wiki ya pili sasa, na ujumbe wangu hujibu. Kama ni hasira, nigombeze, nitafurahi.

Alhamisi Kuu tulioshana miguu kanisani, wawili wawili, kama nyumbani. Mie sikuwa na mwenzangu. Bibi mmoja, hata jina lake silijui, akapiga magoti akaniosha. Nililia mpaka akauliza kama maji ni ya moto. Tangu uliponikumbatia uwanja wa ndege hakuna mtu aliyenigusa, mama. Nikawaza, wewe nani anakuosha?

Nijibu hata neno moja.

Mwanao,
Sekela

Tandika
11 Mei 2025

Mwanangu Sekela,

Marahaba. Niko hai, usihangaike. Presha ilipanda nikaanguka chumbani, na simu ikavunjika. Mama Nawaf aliona kimya, hasikii redio yangu. Akang'oa misumari ya dirisha, akamwita mwanawe Nawaf, wakaingia.

Hakuomba radhi, nami sikuomba. Kila jioni alikuja na beseni la maji ya vuguvugu, akaketi sakafuni, akaniosha miguu. Sikumwambia kwamba kanisani kwetu jambo hilo ni alama ya kupatana. Nilimwacha aoshe.

Siku moja, mguu wangu ukiwa mikononi mwake, akasema, "Nawaf amenijengea Pugu, nahama. Nilishindwa kukwambia. Nikaona bora tuachane kwa hasira, nilidhani itauma kidogo." Nikamuuliza kama imeuma kidogo. Akatikisa kichwa.

Lori lilikuja Jumatano. Nilimkabidhi bakuli lake likiwa na maandazi. Pugu si mbali, ila kwa miguu hii ni mbali.

Leo nimesogea kwenye Meza ya Bwana. Mchungaji akatangaza kwamba amani imepatikana, watu wakapiga makofi. Niliporudi nikagonga ukuta kwa mazoea. Nyumba ile bado haina mtu.

Soma, mwanangu, umalize. Amani ninayo. Wa kula naye chakula cha jioni ndiye sina.

Mama