Mawe ya Tangi la Baba

Baba Mdogo, shikamoo. Sisi wazima, paka kazaa tena.

Unauliza kwa nini samaki wa marehemu baba wanakufa kwako, wakati yeye kawafuga kwenye maji ya chumvi miaka ishirini na sita. Siku unalichukua tangi ulinicheka mbele ya watu: "We kitoto, utajua nini?" Kisha ukatupa mawe yake jalalani, eti machafu. Ule uchafu, wenye vijidudu hai, ndio unaosafisha maji, Baba Mdogo! Niliyaokota yote. Nimeyaweka kwenye ndoo ya maji ya chumvi, na kaa mdogo anatembea humo.

Ukitaka wasife wote, rudisha tangi na samaki waliobaki. Kwenye ngazi za kwetu ulibebe mwenyewe, majirani wakuone. Samaki nawahurumia. Wewe hapana.

Binti wa kaka yako