Unga wa Uyoga Niliompa Wifi

Jumatatu, 3 Machi
Wifi kaja mwenyewe chumba cha nyuma, ninakokaushia uyoga. Vidole vimemvimba, mkasi haushikiki — na yeye ni fundi cherehani. Ana lupasi: kinga ya mwili, badala ya kupigana na maradhi, inampiga yeye. Akauliza: unga wako unasaidia? Nikasema unapandisha kinga. Ndivyo nilivyoandika kwenye kopo.

Jumatano, 12 Machi
Anasema mwili mwepesi. Kashona magauni mawili. Nikamrekodi kwa simu, akacheka vizuri kabisa. Kisha akalalamika: vidonge vya hospitali vinamvimbisha uso, anatamani kuviacha. Nilipaswa kumkataza. Nikakumbuka miaka sita ya yeye kuniita "Bi Kuvu" mbele za watu, na mume wake — kaka yangu — akicheka.
"Mwili wako unaujua mwenyewe, wifi," nikamwambia.

Jumapili, 23 Machi
Vidonge kavimwaga chooni. Kaninong'oneza mimi tu, kaka hajui. Ile video yake niliyoituma kwa wateja imezunguka mtaa mzima, oda zinamiminika, nasaga mpaka mikono inauma. Kaka kanishukuru. Mara ya kwanza tangu tumzike baba.

Jumanne, 1 Aprili
Mfamasia wa kona kaiona video, kanisimamisha. Hakupandisha sauti. Kasema kwamba kinga ya mgonjwa wa lupasi inatulizwa, haichochewi. Kwamba wifi asiguse unga wangu, na vidonge asiache hata siku moja.
Nikapita kwa wifi. Mashavu yamebabuka, miguu imejaa maji.
"Niongeze kijiko?" akaniuliza.
"Ongeza. Ni sumu inatoka."
Nililisema hilo huku nikijua.

Ijumaa, 4 Aprili
Wifi kalazwa. Figo. Hajitambui tangu alfajiri.
Kaka kapiga simu kutoka wodini. Daktari anataka kujua kama alikuwa anameza vidonge vyake. Ndipo ajue aanzie wapi.
"Wewe ndiye uliyekuwa naye kila siku," kasema. "Alikuwa anameza?"
"Alikuwa anameza," nikasema. Haraka, kama mtu aliyeulizwa saa.
Akashukuru tena.
Nikakata simu, nikaifuta video. Hilo ndilo nililokimbilia kwanza.
Kumwambia ukweli sasa ni kujivua nguo mbele ya ukoo mzima. Lakini daktari anatibu kwa neno langu.
Simu inaita. Ni kaka. Imekatika. Inaita tena — naiacha kidogo, nimalizie mstari huu