Zamu Yako ya Alhamisi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo nikasimamisha kalamu, eti nasubiri uitikie. Ndivyo nilivyo siku hizi. Juzi nimepita sokoni nikanunua tangawizi mbichi, fungu zima, na nyumbani kwangu hakuna aliyekuwa anainywa ila wewe. Nimeibeba mpaka ofisini nikampa mhudumu, akauliza ni ya nini, nikamwambia ni ya mafua. Kichwa hakijakaa sawa, Baba. Nakuandikia mbele za watu kwa sababu nikizungumza peke yangu jikoni watoto wananitazama.

Mvua zinakuja tena. Na juzi hiyo hiyo Mzee Mrutu, mwenyekiti wetu wa ndiva, amenipigia simu akaniuliza swali moja tu, nami nikamjibu kwamba niko kwenye kikao. Sikuwa kwenye kikao. Nilikuwa nimesimama dirishani natazama vumbi la Same linavyozunguka stendi, najiuliza mji mkavu namna hii unawezaje kuwa na ofisi yenye mtu wa kushughulikia mafuriko, na mtu huyo akawa mimi.

Wewe huhitaji kuelezwa ndiva ni nini, lakini barua hii itasomwa na watu wa mbali. Ni lile bwawa la udongo juu ya kijiji chetu, linalokusanya maji ya kijito usiku kucha, na asubuhi mwenye zamu anachomoa kizibo kwa mti mrefu, maji yanashuka mferejini kwenda mashambani. Kila familia na siku yake. Alhamisi ilikuwa yako, kama ilivyokuwa ya babu.

Unakumbuka siku niliyochapwa? Nilikuwa darasa la tatu. Ilikuwa Jumatatu, zamu ya jirani, naye alikuwa amechelewa, nami nikaona nimsaidie. Nimeushika tu ule mti, hata sijausukuma, ukanichapa kofi la mkono ambalo nalikumbuka mpaka leo. Kisha ukakaa chini kwenye majani, ukaniweka karibu. "Maji ya mtu hayaguswi, Mama," uliniambia. "Hata yakimwagika, yanamwagika yakiwa yake." Mimi nikalia, wewe ukatoa kipande cha muwa mfukoni ukanimenyea kwa meno. Uliniita Mama tangu nazaliwa, kwa vile nilirithi jina la mama yako, na hata nilipokuwa nastahili viboko ulinichapa ukiniita Mama.

Basi nikakua, nikasoma, nikaajiriwa, nikapewa kiti kwenye kamati ya maafa. Uliwatangazia watu wote kanisani. Ulidhani kamati ya maafa ni watu wakubwa sana, kumbe ni sisi na mafaili yetu na chai ya rangi. Lakini mwaka ule tulijitahidi, Baba, usije ukaambiwa vingine. Watu wa hali ya hewa walipotuletea taarifa kwamba mvua kubwa inaweza kuanza katikati ya wiki, hatukulala. Tulizibua makalavati ya barabara kuu. Tukaomba kijiko, lile gari la kuchimbia, kikasimama chini ya mlima, tayari, na dereva wake tukamtafutia godoro. Tukaandika orodha ya shule na kumbi za makanisa ambako watu wangehamia, tukapeleka mablanketi na unga. Gari la matangazo likapanda mpaka barabara ilipoishia. Na mimi ndiye niliyependekeza, kwa mdomo wangu, kwamba ndiva zote za milimani zifunguliwe na ziachwe wazi, maana kingo za udongo zikijaa mvua ya siku mbili zitapasuka zishuke na vitongoji vya chini. Kikao kizima kikaitikia kwa kichwa. Mwenyekiti wa kamati akasema, "Huyu ni mtoto wa mlimani, anajua anachosema."

Naam, mtoto wa mlimani! Kabla hatujatangaza chochote, Jumanne, mtoto huyo wa mlimani alikuwa amekwisha panda kukuchukua.

Nilikudanganya, na hilo silifichi. Nilikuambia kuna daktari wa macho amekuja Same kwa siku mbili tu. Ningekuambia ukweli ungekataa kuwaacha wenzako, nakujua. Na ukweli wenyewe ulikuwa bado haujaruhusiwa kutoka ofisini. Kwa hiyo ukavaa koti lako la Jumapili, ukafunga mlango, ukamwambia Mzee Mrutu utarudi Jumatano jioni, ukanifuata. Njia nzima unanisimulia jinsi herufi za Biblia zilivyopungua ukubwa. Nilikuwa nacheka huku nimekaza macho mbele nisikutazame.

Jumatano nikakuambia daktari ameahirisha. Ukasema, "Haya." Ukaangalia mawingu yaliyofunika milima. Nilikupikia makande, ukayasifu, ukasema lakini maharage ya huku chini yana ukaidi. Nilifurahi kuwa nawe mezani, Baba. Nilifurahi kupita kiasi. Nilijiona nimeipiga mvua chenga.

Alhamisi saa nne asubuhi mtendaji wa kijiji chetu akanipigia. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu tangu alfajiri, ndiva imejaa, watu wamesimama kwenye ukingo na hakuna anayefungua. Nikamuuliza kwa nini hawafungui, agizo si liko wazi? Akasema, "Ni zamu ya mzee wako. Wanauliza yuko wapi." Nilimfokea kijana wa watu. Nilimwambia hili ni agizo la wilaya, mambo ya zamu waweke kando. Akasema, "Dada, nimewaambia hivyo hivyo. Wamenitazama tu."

Nilikuja nyumbani kunywa chai, nikakukuta umekaa mlangoni. Na hapa ndipo ninapojing'ata kila siku. Nilikusimulia nikicheka! Nilisema, "Baba, watu wako hao! Mvua inataka kuwazoa, ndiva inataka kupasuka, wamesimama wanakusubiri wewe. Jamani, Wapare sisi!" Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na hasira, na kwetu ukichoka na kukasirika unacheka, wewe ndiye uliyetufundisha.

Hukucheka. Uliniuliza, "Kumbe daktari hayupo?"

Nikaitazama simu mkononi. Ukasema, "Kwa hiyo mimi macho yangu hayana shida." Nikakuomba radhi, nikasema nilifanya kwa mapenzi. Ukasema, "Najua, Mama. Rudi kazini, watu wanakungoja." Ulisema kwa upole kabisa, bila ukali wowote, nami nikaamini yameisha. Nikarudi kikaoni.

Ulichukua bodaboda. Yule dereva amenieleza mara tatu, kila mara nikimwomba anieleze tena: mlikwenda mpaka pale matope yalipowashinda, ukamlipa, ukamwambia ageuze mapema, ukapanda kwa miguu. Saa nane mtendaji akanipigia tena, anapiga kelele kwa furaha: mzee amefika, amefungua, maji yanashuka mferejini kwa adabu zake. Nilisimama mbele ya kikao nikatangaza. Watu walipiga makofi, Baba. Makofi. Mimi nilipiga pia, na katikati ya makofi hayo ndipo nilipojua hauko mlangoni kwangu.

Saa kumi ubavu wa mlima uliachia, kwenye njia ya kutoka ndiva kwenda nyumbani kwetu. Ulikuwa peke yako njiani.

Yaliyofuata yameandikwa kwenye taarifa, na aliyeyaandika ni mimi. Kijiko kilifika mpaka barabara ilipokatika kikashindwa kuvuka. Watu wa kijiji wakaitana msaragambo, ile kazi ya wote kwa pamoja, wakachimba kwa majembe na masufuria. Jumamosi hata Wasabato walitoka na majembe yao, na hakuna aliyewauliza neno. Mimi nilikuwa nimesimama pale na simu mbili, moja naulizwa mablanketi mangapi yamefika, nyingine dada zangu wanalia, sijui nijibu ipi kwanza. Sikujua mimi ni afisa au ni mfiwa. Mtu mmoja alinipa jembe nikalishika tu, kama ule mti wa ndiva, nisilisukume.

Walikupata Jumamosi hiyo mchana. Koti la Jumapili.

Na kitongoji cha chini, Baba, kile chenye nyumba za watu wote unaowajua, hakikupata hata tone la ndiva. Nyumba zimesimama. Watoto wanakwenda shule. Kwenye taarifa niliandika: wananchi walitekeleza maelekezo kwa wakati. Wakubwa waliisoma wakasema hongera, na kijiji chetu siku hizi kinatolewa mfano kwenye mafunzo. Nakaa kwenye mafunzo hayo nasikiliza mtu anasema "mabwawa yalifunguliwa," nami nataka kusimama niseme yalifunguliwa na nani. Halafu najiuliza nikisimama nitasema nini hasa. Kwamba baba yangu ni shujaa? Au kwamba nilimwiba nyumbani kwake siku mbili kabla ya zamu yake, nikaacha majirani zake mvuani wakiwa hawajui lolote, na nisingemwiba angefungua bwawa lake asubuhi na mapema kabla mlima haujalowa, akarudi kunywa chai?

Siku nyingine nasema nisingekuchukua ungekufa vilevile. Siku nyingine naona hapana. Nabadilika kati ya chai na chakula cha mchana. Mchungaji ameniambia nimwachie Mungu. Nimemwachia, lakini naona naye ananirudishia.

Sasa, swali la Mzee Mrutu. Alhamisi yako haina mtu. Tangu tukuzike, kila Alhamisi ile ndiva inakaa imejaa mpaka Ijumaa, hakuna anayeigusa. Kaka amesema kutoka Dar kwamba yeye hana shamba la kumwagilia. Dada wameolewa mbali. Kwa hiyo wazee wamekaa wakaona zamu imeniangukia mimi, kitindamimba. Mzee Mrutu aliuliza: "Unaichukua au unaitoa?" Nikamdanganya kuhusu kikao.

Hebu fikiria, Baba. Juu ya meza yangu kuna mpango wa mvua wa mwaka huu, nimeandika tena kwa herufi nzito kwamba ndiva zote zifunguliwe. Na ndiva moja katika hizo, siku moja katika saba, imezibwa na mimi mwenyewe. Nikiichukua, nitapandaje kila Alhamisi na kazi hii? Nikiitoa, jina lako linaondoka kwenye maji ambayo babu na wewe mliyashika miaka yote. Nililala nalo, nikaamka nalo. Watoto wakaniuliza kwa nini nimetia chumvi kwenye chai.

Leo asubuhi nimempigia. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi, yakatoka machache: "Shikamoo Mzee. Alhamisi ya Baba naitoa. Mvua ikija, yeyote aliye karibu afungue, msimsubiri mtu."

Akasema, "Marahaba. Nimepokea."

Nikangoja. Nikamuuliza kama niandike barua, au nipande nisimame mbele ya wazee. Akasema, "Hapana. Neno la mwenye zamu limetosha. Hata kwa simu limetosha."

Sijui ni nini kilichonifanya niulize lililofuata. Nilisema, "Mzee, na siku ile je? Kama Baba angesema hivi hivi kwa simu?"

Nilimsikia akivuta kigoda akakaa. Kisha akasema, "Tungefungua pale pale, mwanangu. Mti nilikuwa nao mkononi."

"Sasa mbona hamkumwomba?"

"Zamu haiombwi. Mwenyewe ndiye huitoa. Na baba yako alilijua hilo kuliko sisi sote."

Nimekata simu nikiwa nimesimama katikati ya ofisi, watu wananiuliza kama ni mzima. Baba, nisaidie. Mimi sikujua. Wallahi sikujua, na najua hupendi niape, lakini leo niache niape. Nilisimama mbele yako na simu mkononi, namba ya mtendaji ikiwa ya kwanza kabisa, na neno moja lilikuwa linatosha. Mimi sikulijua hilo neno. Wewe ulilijua. Ulikunywa chai yako ukaniambia nirudi kazini.

Kwa nini hukuniambia nipige? Ulinikasirikia kwa ule uongo wa daktari? Uliona aibu wenzako wako mvuani nawe uko kwenye kochi la binti yako? Au ulitaka tu kwenda kwenu, nami ndiye niliyekufungia njia? Nimelizungusha jambo hili tangu asubuhi, kila jibu linasimama dakika tano kisha linaanguka.

Mvua nimeisamehe. Mlima nimeusamehe. Wale wazee waliosimama ukingoni wamekaza shingo nimewasamehe leo hii, kwenye simu, bila wao kujua. Nataka nikusamehe na wewe, Baba. Ila kila nikianza, sijui kama wa kusamehewa ni wewe au ni mimi.

Pumzika kwenye udongo wako. Mimi bado nipo nipo tu.

Mwanao wa mwisho, uliyekuwa ukimwita Mama