Mwaka wa Ziada

Nyumba za Reli, Nakuru
9 Juni 1957

Mwanangu Masinde,

Barua yako imefika, na tangu ifike sina raha. Huku mvua imenyesha vizuri, na yule jogoo niliyemweka kwa ajili ya kurudi kwako bado anawika, nadhani ananicheka.

Unaandika kwamba walimu wa chuo wamekuchagua usome digrii ya heshima, ile ya wanafunzi bora, kwa hiyo umeongezewa mwaka mzima. Na mimi nilishasimama kanisani nikatangaza kwamba unamaliza mwaka huu! Sasa Wamalwa, ninayefanya naye kazi karakana, ananiuliza mbele ya watu, "Mzee, kijana ameanguka mtihani?" Nikamjibu kwamba wanaoongezewa mwaka ni wale wenye akili nyingi. Karakana nzima ilicheka. Kwetu relini, anayerudishwa mafunzoni ni yule aliyeshindwa kufunga breki. Niwaeleze nini, na mimi mwenyewe sielewi?

Mama yako hakucheka. Anasema usome tu, usiharakishe. Alinikataza kukwambia, lakini jicho lake la kushoto halioni tena, na daktari anasema la kulia halitafika Krismasi.

Basi baki huko, usome. Ila azima joho la mwenzako aliyemaliza, upige picha kubwa, uitume mwezi huu huu. Hilo la kuazima ataliona. La kwako atalishika kwa mikono.

Ni mimi baba yako, niliyechoka kuulizwa,
Zakaria Nabwera