Nilivyomwigiza Nyambura Chini ya Leso

Woodley, Jumapili, Julai 1974

Baridi haijatuachilia tangu asubuhi. Wote wako jikoni wamezunguka jiko la makaa, nami niko chumbani na koti langu la kazini, kwa sababu sitaki mtu aniangalie usoni leo.

Wiki nzima nilikuwa nimekusudia kuandika kuhusu yule mwigizaji. Alhamisi jioni, katika ile hadithi ya chombo cha angani kwenye televisheni, sebule yetu nzima humtazama nahodha. Ana kidevu kizuri, naye ndiye hushinda. Mimi humngoja mwingine, yule anayekuja kwa hadithi moja tu, anakufa au anabaki kwenye sayari yake, na hakuna anayemuulizia. Nilimwona kwanza akiwa hakimu katika nchi ya mchanga. Baadaye akawa mchimba madini mlevi. Alhamisi iliyopita walimbandika magamba hadi kwenye kope, akawa mzee wa viumbe wanaoishi chini ya ardhi, na Mama akasema hiyo sura itamnyima usingizi. Lakini kabla hajafungua mdomo alisugua kidole gumba juu ya kidole cha shahada, taratibu, kama mtu anayepima ulaini wa unga. Nikajua ni yeye.

Jina lake silijui. Majina huja mwishoni, na Baba huzima televisheni hadithi ikiisha tu, ati isipate moto.

Ninachompendea ni kwamba anajua mahali pa kuacha. Alipokufa mikononi mwa nahodha aligeuza uso upande wa giza, ili sisi tuone huzuni ya nahodha. Angetaka, angetutoa machozi sebule nzima. Lakini ile ilikuwa zamu ya mwenzake, akamwachia.

Mimi jana sikuacha.

Jana tulikuwa Riruta, nyumbani kwa shangazi yangu, kwa sherehe ya mahari ya binti yake Nyambura. Mimi na Nyambura tumelala kitanda kimoja likizo zote za shule. Sina dada mwingine. Watu wa Karanja, mchumba wake, walipofika, wasichana wenye kimo kama chake tulivuliwa viatu, tukafunikwa leso kuanzia kichwani hadi miguuni, tukapangwa mstari uani pamoja na bibi harusi mwenyewe. Ndiyo desturi. Bwana harusi amtafute wake bila kumgusa mtu. Sisi wengine kazi yetu ni kusimama tu, kama nguo zilizotundikwa.

Nilikuwa nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Najua Nyambura anavyosimama: uzito wote kwenye mguu wa kulia, wa kushoto ukitazama nje, kiwiko kimebana ubavuni kana kwamba ana kitabu kwapani. Akichoka kungoja huyumba kidogo. Nilitaka kujua kama naweza. Nilitoka chumbani kwa mwendo wake, na chini ya leso nikayumba kwa kuyumba kwake.

Karanja alipita mbele ya mstari mara moja tu. Akarudi kwangu akasema, "Huyu." Hakusita hata kidogo.

Kabla leso haijaondolewa nilifurahi. Nimeandika, na sitafuta. Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi ofisini, kanisani au mahali popote.

Kisha wakanifunua, na ua wote ukaangua kicheko. "Karanja, huyo ni wa Woodley, huyo hatujaleta sokoni," shangazi mmoja akasema. Mwingine akamwambia, "Chukua wote wawili, kijana, bora tu ujenge jiko mbili." Wakamtoza faini ya kreti ya soda, akachagua tena, akampata. Watu wakala, wakaimba. Nyambura alicheka pamoja nao, lakini kwa mdomo tu.

Simtaki Karanja. Leo ibadani nimejiuliza swali hilo bila kujionea huruma, na jibu ni lile lile. Nilichokitaka ni lile neno lake moja, nalo halikuwa langu.

Ibada ilipoisha Nyambura alinivuta nyuma ya kanisa. Hakuwa na hasira. Hasira ningeiweza.

"Wairimu, ulikuwa unasimama kama mimi?"

"Hapana. Nilisimama tu."

"Kweli?"

"Kweli. Nilikuwa nasikia baridi."

"Basi ni yeye," akasema. "Miaka yote hii na hanijui. Nikifunikwa nguo, msichana yeyote anatosha. Kesho jioni nikitoka kazini nitamwambia Baba awarudishie watu mbuzi wao."

Nilimshika mkono nikamwambia asifanye haraka. Yaani nilimdanganya, halafu nikamfariji kwa jeraha la uongo wangu.

Tangu saa ile nimekuwa nikiwaza jambo moja. Nyambura mwenyewe jana alisimama wima kama askari. Mama yake alikuwa amemwonya asijitambulishe, naye ni mtiifu. Hivyo katika mstari ule wote mguu wake ulikuwa kwangu, na kiwiko chake kilikuwa kwangu. Karanja aliviona kupitia leso mbili. Hakuna mwingine pale uani aliyeviona, hata shangazi aliyemzaa. Alinichagua mimi kwa sababu anamjua yeye.

Hilo Nyambura hatalijua mpaka mtu amwambie, na anayelijua ni mimi peke yangu.

Nikimwambia, atajua pia kwamba nilifanya kusudi, siku yake, mbele ya watu wake. Atajua kwamba nilimtazama machoni nyuma ya kanisa nikasema kweli, kweli. Nyambura husamehe mengi, lakini uongo hausamehe. Kuna msichana tuliyesoma naye aliyemdanganya tukiwa kidato cha pili, na hadi leo wakikutana mjini Nyambura huvuka barabara. Na ataniuliza kwa nini. Itabidi niseme kwamba nilitaka kutazamwa mara moja na mtu aliye na hakika. Sijui kama maneno hayo yanaweza kutamkwa dukani anakofanya kazi, kati ya majora ya vitambaa.

Yeye ndiye hufungua lile duka kule Hurlingham asubuhi. Kesho nitatoka mapema, nitembee hadi huko kabla ya kwenda ofisini, nimkute kabla wateja hawajaingia. Jioni nitakuwa nimechelewa. Akishamwambia baba yake, na baba yake akishatuma wazee, neno hilo halirudi tena.

Nimejaribu kupanga nitakavyoanza. Kila nikijaribu, nasikia sauti yangu ikitafuta mahali pa kulegea na mahali pa kutetemeka, nami naichukia. Basi sitapanga. Nitasema nilichofanya, nitasema alichokiona Karanja, kisha ninyamaze.

Naogopa sana. Lakini ikiwa ni lazima amwache mmoja wetu, mimi au Karanja, aniache mimi.