Ushuhuda wa Baba Mdogo

Nyumba ya Mzabibu,
Pwani ya Oregon
14 Februari 1971

Mwanangu Ruthanne,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili. Hujambo wewe? Mama yako, shemeji Opal, hajambo? Mimi ni mzima, tena mzima kiasi kwamba nikikueleza utasema baba mdogo kaanza tena. Kaa chini basi.

Unajua tangu mke wangu Maxine anikimbie nilikuwa nazurura na lile gari langu, natengeneza mafriji mji huu na ule. Likanifia mlimani, mvua inamwagika. Mara wakatokea vijana kumi na watatu, wanaume nywele hadi kiunoni, wasichana magauni yanafagia barabara. Nikasema leo nachinjwa na mahipi. Kumbe ni mahipi wa Yesu! Bangi wameacha, wanaishi wote nyumba moja na chungu kimoja, kama kwenye Matendo ya Mitume. Wakaweka mikono juu ya boneti, wakaomba. Ruthanne, injini ikanguruma, na ufunguo uko mfukoni mwangu! Siongezi neno.

Nikahamia hapo hapo. Gari nimelitoa kwa nyumba, ndiyo sheria, hakuna changu wala chako, hata soksi. Tuko watu thelathini na wawili. Mzee wa nyumba anaitwa Russ, ana miaka ishirini na sita. Usicheke, huku uzee si mvi. Mimi na miaka yangu arobaini na tisa naitwa mtoto mchanga katika imani. Lakini ananitegemea kwa kila kitu. Juzi nilichimba chaza mmoja ufukweni, mkubwa kama karai, tukala sote na akabaki.

Kinachonikera ni kimoja tu. Jumapili mchana, baada ya supu ya dengu, kila mtu husimama kutoa ushuhuda wa maisha yake kabla hajaokoka. Hapo ndipo mtu anapopata heshima. Kuna Sunny, binti wa umri wako, alijidunga sindano miaka mitatu, akauza kinanda cha mama yake. Akisimama yeye, watu wote machozi. Mimi nikasimama, nikasema nilikuwa mlevi wa bia na niliwahi kuiba chupa za soda. Kijana mmoja akapiga miayo. Russ akasema, "Amina, Ndugu Del, keti."

Keti! Mimi, niliyewachekesha watu wa Missouri nzima!

Msalimie shemeji. Nijibu upesi.

Baba yako mdogo,
Delbert

*

Missouri
3 Machi 1971

Kwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Barua yako imefika na sisi tupo. Mimi bado niko kiwandani nashona viatu, vidole vyangu unaweza kupigia msasa. Mama yuko vilevile. Kuna siku anakaa mezani na kikombe cha kahawa mpaka kinapoa, nikimuuliza unawaza nini anasema hawazi.

Nimecheka habari ya injini. Nikamsomea Mama, akasema, "Gari la Del halijawahi kuhitaji maombi, lilihitaji petroli."

Lakini baba mdogo, mtu kukosa dhambi kubwa si aibu. Shukuru, ule dengu zako. Ukiambiwa keti, si uketi tu? Nakufahamu. Nakuomba jambo moja, usimwingize baba yangu kwenye hadithi zako za huko. Ulivyotueleza nikiwa na miaka saba, alizama akimwokoa ndama wa jirani mtoni. Krismasi iliyopita yule ndama alikuwa fahali mwenye pembe. Mama aliondoka mezani, wewe hukuona.

Jifunike vizuri, huko kuna unyevu.

Mwanao,
Ruthanne

*

Nyumba ya Mzabibu
25 Aprili 1971

Mwanangu mpenzi,

Amani iwe kwako na kwa shemeji, na kwa kila atakayekanyaga kizingiti chenu! Afya yangu usiulize. Nikikohoa mimi, mawimbi yanarudi nyuma.

Sasa sikia. Jumapili ya Pasaka nilisimama. Nilichosema sitakueleza, ni mambo ya rohoni. Nakwambia tu kilichotokea. Sunny alianguka chini. Yule kijana wa miayo alinishika miguu, "Baba Del, nisamehe, Baba Del!" Russ alinikumbatia mpaka mbavu zikalia. "Ndugu, umelibeba hili miaka yote hii?" Nikasema, "Nimelibeba." Watu saba waliokoka papo hapo, wawili walikuwa wapita njia waliokuja kuomba maji.

Tangu siku hiyo situlii. Napelekwa ufukweni nikaseme, napelekwa vyuoni, napelekwa gerezani, watu wazima wenye michoro mikononi wanalia kama wana-kondoo. Na kila nikisimulia linanoga zaidi. Kwanza halikuwa na radi, sasa lina radi.

Zamani, sikukwambia, nilikuwa nalala varanda ya nyuma pamoja na friza. Sasa nina kitanda na dirisha la bahari, na mezani nakaa mkono wa kulia wa Russ. Wanachapa gazeti lao, wamenipiga picha nimevaa kofia. Litaenda nchi nzima, vijana wanaligawa bure barabarani. Baba yako mdogo kawa mtu!

Ni mimi,
Baba yako mdogo Delbert

*

Missouri
6 Juni 1971

Kwa Delbert Pruitt,

Sikuulizi hali.

Jumamosi nilikwenda na Mama kufua pale kwenye mashine za mjini. Akaingia msichana, nywele ndefu, msalaba wa mbao kifuani, anagawa magazeti. Akampa Mama moja. "Yesu anakupenda, mama." Mama alikuwa anakunja mashuka. Akatazama ile picha, akasema, "Huyu si Del?" Macho yake hayaoni herufi ndogo, akanipa nimsomee. Nikamsomea kwa sauti, mbele za watu, kabla sijajua nasoma nini.

NILIMUUA NDUGU YANGU, YESU AKANISAMEHE.

Kwamba ulimtamani mke wake. Kwamba mlikwenda kuvua, radi zinapiga, ukamsukuma toka darajani, kisha ukamkanyaga kichwa kwa buti mpaka akatulia. Umemtaja baba yangu kwa jina, Wendell. Umemtaja na Mama, Opal, jina kamili.

Mama hakulia. Alimaliza kukunja mashuka.

Nataka unijibu. Ni kweli au uwongo? Na kama ni uwongo, baba yangu alikufaje? Maana hata ndama sasa simwamini.

Ruthanne

*

Nyumba ya Mzabibu
14 Juni 1971

Mwanangu Ruthanne,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji. Mimi si mzima.

Ni uwongo. Sikumgusa. Sijawahi kumtazama mama yako kwa jicho baya, haki ya Mungu. Ruthanne, waliniambia niketi. Nikatafuta ndani yangu dhambi ya kutosha, sikuiona, nikaokota kifo cha ndugu yangu. Sikufikiri kitavuka milima kufika kwenye mashuka ya mama yako.

Nilipopata barua yako nilisimama mezani nikasema nimedanganya. Unadhani walinishukuru? Russ akasema, "Shetani anakupokonya ushuhuda wako, Baba Del." Nikasema hakuna shetani, ni mimi mwenyewe. Akasema, "Hivyo ndivyo anavyosemaga." Wakanifungia kwenye banda la kuni siku mbili bila chakula, wanaimba nje, zamu kwa zamu. Wakati niko ndani wamechapa magazeti mengine elfu tano. Nimerudishwa varanda.

Umeuliza alikufaje. Shule mimi nimeishia darasa la sita, sijui kuandika kitu kama hiki vizuri, kwa hiyo nakiandika hivi hivi. Hakukuwa na ndama. Tulikaa ukingoni, ndoano hata hatujatupa. Wendell akasema, "Del, chambo hiki kimekufa, nenda kachimbe kingine." Nikaenda. Niliporudi nikakuta viatu vyake, kamba zimefungwa vizuri pamoja, na koti limekunjwa juu yake. Mto umetulia kama sahani. Aliingia mwenyewe, mwanangu. Kwa miguu yake.

Nikavitupa vile viatu na koti majini. Toka mtoni mpaka kwenu ni mwendo wa nusu saa, na ndani ya hiyo nusu saa nikamtunga ndama, ili mchungaji asikatae kumzika Wendell karibu na kanisa, na nyinyi mpate kuinua uso. Nimedanganya maisha yangu yote kwa ajili ya Del. Ule mmoja niliutunga kwa ajili yenu.

Mweleze shemeji. Halafu niambieni nije. Nitashuka kwenye basi pale mjini, nitalala hata kibandani.

Baba yako mdogo

*

Missouri
29 Juni 1971

Baba mdogo,

Nimeisoma barua yako mara mbili, kisha nikaitia kwenye jiko. Mama hajaiona na hataiona.

Sikiliza wewe sasa, maana miaka yote tumekusikiliza sisi. Mama hakumwamini ndama wako hata siku moja. Ile asubuhi nilikuwa mezani, nina miaka saba, nakula uji. Walikuwa wanagombana. Mama akamwambia baba, "Ondoka, nipumzike." Akachukua kofia akaondoka. Miaka kumi na mitatu Mama amekaa na kile kikombe anaisikia sauti yake mwenyewe. Wewe ulikuwa unakuja Krismasi kumwotesha ndama mapembe, na yeye kila mwaka alikuwa anangoja mtu amwambie ukweli, na anauogopa.

Siku ile ya gazeti, tulipofika nyumbani, alivunja sahani sita. Kesho yake aliamka kabla yangu. Akakaanga mayai, akala, akaongeza. Akaniambia, "Kumbe alikuwa anarudi, Ruthanne. Kumbe angerudi jioni." Nimemsikia akiimba anaanika nguo. Sikujua kama anaimba.

Ana mtu wa kumchukia, na huyo mtu si yeye.

Jumatatu amepeleka gazeti kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Watakuja kukuchukua. Watakuuliza kama ni kweli. Wakiniuliza mimi kama uliwahi kusema vingine, nitasema hujawahi.

Sikuombi. Nakuambia. Umedanganya bure maisha yako yote, ukala, ukachekewa, ukapewa kitanda. Mara hii utadanganya na utalipa wewe. Ukimwambia Mama habari ya viatu, utakuwa umemuua mtu kweli.

Usituandikie tena.

Binti wa Wendell

*

Gereza la Wilaya, Missouri
22 Agosti 1971

Mwanangu Ruthanne,

Umenikataza, najua, lakini mkono wangu haujazoea kukaa kimya. Natumaini mnaendelea vyema. Mimi ni mzima. Chakula cha hapa kinashinda dengu. Barua zetu husomwa na askari, kwa hiyo nakuandikia yale yale niliyoandikisha polisi.

Walikuja Oregon maafisa wawili. Russ alikutana nao mlangoni, akasema, "Huyo? Alipita tu hapa, tukampa supu." Sunny alikuwa nyuma yake, akatazama chini. Nasikia gazeti jipya halina ukurasa wangu.

Mkuu wa polisi aliniuliza kama nataka wakili kabla sijasema. Nikasema nataka kahawa. Nikamweleza toka mwanzo. Nilieleza vizuri, Ruthanne, nilieleza vizuri kuliko pale Pasaka. Radi niliitoa, ile ilikuwa chumvi ya gazeti tu. Nilipofika mahali pa buti aliweka kalamu chini, akanitazama kama kitu kilichotapikwa. Sijawahi kusikilizwa namna ile.

Alhamisi shemeji Opal alikuja. Hukujua kuwa amekuja, nadhani. Alivaa ile nguo ya bluu. Wakamketisha mbele yangu, meza katikati yetu. Hakunisalimu. Akaniuliza swali moja tu:

"Alikuomba?"

Nikasema, "Aliomba, shemeji. Aliomba kama mtoto. Alisema anataka kurudi nyumbani kwake."

Akanitemea mate usoni. Kisha akainuka, akavuta gauni likae sawa, akatoka. Nilimsikia ukumbini akimuuliza askari kama duka la nyama bado liko wazi.

Mate sikuyafuta upesi.

Baba yako mdogo